Seti ya Kuvuta Mibonyeo ya Gari: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

Video zenyewe zinafanana. Mlango umebonyea, mkono wenye glavu unabandika kishikizo cha plastiki kwa gundi ya moto, skrubu inazungushwa, pwa! Mbonyeo hauonekani tena. Yote hayo ndani ya dakika moja. Chini yake imewekwa bei, na maneno ya kutia hamu kwamba boksi lina vipande zaidi ya sitini. Mtu ambaye juzi kwenye foleni bodaboda ilimpitishia mpini wa breki mlangoni anaanza kupiga hesabu: nimpelekee fundi bodi, au ninunue seti nijifanyie mwenyewe Jumamosi?

Majibu utakayopewa, uulize Gerezani ya Dar au uulize Grogan ya Nairobi, yana ukweli uliochanganywa na porojo. Nimechukua yale yanayorudiwa sana na kuyatolea hukumu moja moja. Ninamsemea mtu anayeshika gari lake mwenyewe kwa kupenda. Mwenye gereji ana hesabu nyingine.

"Seti za bei nafuu ni takataka tupu."
*Nusu kweli.*

Fungua boksi uone. Kuna daraja la kuvutia, chombo chenye miguu miwili na skrubu katikati. Sura yake haivutii, lakini kazi yake ni kunyanyua kidogo kidogo kwa skrubu, na kazi hiyo inaiweza. Kuna nyundo ya kuteleza, fimbo ya chuma yenye uzito unaokwenda na kurudi. Nayo haina cha kuharibika. Kitu cha kukagua ni nyayo za daraja: zikiwa nyembamba au ngumu, zitakuachia mibonyeo miwili mipya ukihangaika na mmoja wa zamani. Kata vipande vya kandambili ubandike chini yake, mchezo umekwisha.

Utakapolia ni kwenye gundi. Vijiti vinavyowekwa ndani ya seti za bei ya chini mara nyingi ni gundi ya kubandika kadibodi na maua ya harusi. Inang'ang'ania kishikizo na kuliachia bati kwenye mvuto wa kwanza, au inanyooka tu bila kuvuta chochote. Gundi iliyotengenezwa kwa kazi hii huuzwa peke yake, ipo ya hali ya hewa ya joto na ya baridi, na ndiyo pekee katika biashara yote hii ambayo singeshauri mtu aifanyie ubahili. Bunduki ya gundi nayo isomwe lebo kabla ya kuchomekwa. Nyingine zilitengenezwa kwa soko la Marekani, volti 110, na soketi ya Dar inatoa 230, ya Nairobi 240. Moshi utakaouona hautakuwa wa gundi.

Kuhusu vile vipande sitini, vimewekwa kumfurahisha mnunuzi. Kazi zote za nyumbani utazimaliza kwa vishikizo vitano au sita: viwili vipana vya mviringo, vichache vidogo, na kimoja au viwili virefu vyembamba kwa mbonyeo uliolala kama mstari.

"Rangi isipopasuka, mbonyeo wowote unavutika."
*Uongo, na ndio unaowatia watu hasara.*

Bati la nje la gari dogo ni chuma chenye unene wa milimita 0.7 hivi. Likisukumwa kidogo hurudi lenyewe. Likisukumwa kupita mpaka wake, linabaki pale lilipofikishwa, na sehemu iliyojikunja inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla. Chukua kopo tupu la soda ulibonyeze kwa kidole gumba polepole: litalia tok na kurudi. Sasa libonyeze mpaka lifanye ukingo mkali, kisha jaribu kuutoa. Kopo litakaribia umbo lake, ila ule mstari hautatoka.

Kwa hiyo tazama umbo kabla ya ukubwa. Mbonyeo wa sentimita 25 uliotokana na mtu kuegemea mlango unaweza kutoka kwa mvuto mmoja, ilhali alama ya sentimita mbili iliyochomwa na kona ya mlango wa gari jirani ikakusumbua mchana kutwa. Ukipitisha kidole ukahisi ukingo mkali, jihesabie kwamba utapunguza tu. Hutamaliza.

Halafu kuna jambo ambalo video haisemi. Bati likishuka katikati, pembeni yake hupanda. Huo mgongo unaozunguka shimo ndio unaolishikilia shimo lisirudi juu. Ukivuta katikati peke yake bila kuugusa mgongo, unapata chunusi katikati ya bonde, na chunusi inaonekana vibaya kuliko bonde. Anayejua kazi anavuta huku mkono wa pili unagonga mgongo taratibu, kwa kijiti cha plastiki ngumu na nyundo nyepesi, mpaka kile kilichopanda kishuke na kilichoshuka kipande. Kijiti hicho kimo ndani ya seti nyingi za bei nafuu. Wanunuzi wengi hukiacha kwenye boksi wakidhani ni kipuri cha kitu fulani.

Mikunjo ya mapambo inayopita ubavuni mwa gari, kingo za mlango, na ukingo wa madigadi juu ya tairi ni migumu zaidi, kwa sababu bati hapo limekunjwa kiwandani au limeshonwa tabaka mbili. Na kabla ya lolote pitisha sumaku. Boneti ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa 2003, ni alumini. Ya Subaru Legacy ya miaka hiyo hiyo vilevile. Alumini inataka nguvu zaidi, inapasuka kwa wepesi zaidi, na si mahali pa kujifunzia.

"Kikombe kikubwa cha kunyonya kinatosha, gundi ya nini?"
*Kweli kwa mbonyeo mpana na laini tu.*

Hesabu ni ya shule. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 12, kama hewa yote ingetoka ndani yake, kingevuta kwa nguvu ya kilo zaidi ya 110. Cha sentimita 5 hakifiki 21. Kwa mkono hutoi hewa yote, basi punguza tena. Ndiyo maana kikombe kidogo hakina maana kabisa, na kile kikubwa hakiwezi kushika mbonyeo mdogo kwa kuwa kinavuta na bati zima linalouzunguka. Lakini kwa mlango ulioingia ndani kwa upana, kikombe kizuri chenye mkono wa kubana ndicho chombo cha kwanza kujaribu. Lowesha ukingo wake kwa maji, vuta kwa mkazo unaoongezeka, usipige kwa ghafla. Kinauzwa pia kwa mafundi wa vioo na vigae.

"Mwagia maji ya moto, litaruka lenyewe."
*Kweli kwa plastiki. Kwa bati, uongo.*

Bampa za magari mengi tunayoendesha ni polipropilini. Ukiweza kuona upande wake wa ndani utakuta herufi PP zimegandishwa kwenye plastiki. Maji yanayochemka hulainisha kuta zake, na kwa kuwa plastiki hiyo inakumbuka umbo lake, kusukuma kwa mkono kutoka nyuma kunatosha mara nyingi. Hata Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, inawezekana. Vaa glavu nene, na baada ya kusukuma mwagia maji baridi. Kwa kazi hii seti haihitajiki, birika linatosha. Nissan X-Trail ya kizazi cha kwanza ina madigadi ya mbele ya plastiki pia, jambo linalowashangaza wamiliki wake wakipitisha sumaku.

Bati ni hadithi nyingine. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Mbonyeo wa sentimita 20 ukipashwa kwa kikausha nywele na kupozwa ghafla kwa barafu, tofauti ikiwa nyuzi 80, mabadiliko yake hayafiki hata robo ya milimita. Mbonyeo uliokuwa umebakiza kidogo kuruka unaweza kushtuka ukaruka, na huo ndio utakaochaguliwa kurekodiwa. Mingine yote itakutazama tu.

"Gundi haiwezi kudhuru rangi."
*Inategemea rangi ilipakwa wapi.*

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaorekodi video hizo Ulaya au Marekani. Rangi ya kiwandani hupikwa kwenye tanuri kwa nyuzi zaidi ya 100, na chini yake kuna tabaka la kwanza lililoshikishwa kwenye bati kwa umeme. Unene wote kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150. Rangi hiyo ikiwa nzima, gundi iliyokusudiwa kwa kazi hii huachia kabla rangi haijaachia. Rangi iliyopakwa gereji, tena juu ya puti, haina uhakika huo. Inaweza kung'oka na kishikizo, kipande kizima, ukabaki umeshika ganda la rangi mkononi huku puti ya kijivu ikikutazama.

Na magari yetu? Mengi yamefika yakiwa yametumika, na tangu yafike yamekutana na daladala, matatu na nguzo za maegesho. Ni mengi ambayo yamerudiwa rangi paneli moja au mbili bila mnunuzi kuambiwa. Mazungumzo ya gereji huwa hivi:

"Fundi, hapa si nivute tu na gundi?"

"Bosi, hii ishapigwa rangi. Ukivuta inakuja yote."

"Umejuaje?"

"Pitisha mkono chini ya mpira wa kioo. Unaisikia ile ngazi ya gundi ya karatasi?"

Huyo fundi amesema kweli. Ukingo mdogo wa rangi chini ya mipira, vumbi lililogandia ndani ya klia (lile tabaka la juu la kung'arisha), chembe za rangi kwenye bawaba za mlango, na sumaku iliyofungwa kitambaa inayoshika kwa unyonge sehemu moja na kwa nguvu nyingine: vyote hivyo vinakuambia usivute. Kuna kipimo kidogo cha unene wa rangi kinachouzwa kwa bei ya kawaida. Paneli inayosoma mikroni 130 vuta kwa amani. Inayosoma 400 ina puti au rangi juu ya rangi, iache. Kwa mtu anayenunua magari yaliyotumika, kipimo hicho kitamlipa hata kama hatavuta mbonyeo maishani.

Nusu nyingine ya madhara hutokea wakati wa kuitoa gundi. Watu huikwangua kwa kucha au bisibisi. Dondoshea spiriti ya isopropili ukingoni mwa gundi, subiri iingie chini, kisha isukume kwa kipande cha plastiki. Ikigoma, ongeza spiriti, usiongeze nguvu.

"Joto letu halina neno."
*Uongo.*

Bati jeusi lililokaa kwenye jua la mchana Dar au Mombasa linafika nyuzi 60 na zaidi. Gundi ya moto juu yake haigandi kamwe, inabaki nta. Fanya kazi asubuhi, kivulini, futa unyevu na mafuta kwa spiriti, na uiache gundi ipoe dakika kadhaa mpaka kishikizo kiwe na joto sawa na bati. Anayevuta mapema anailaumu seti.

"Taa na ubao wa mistari ni mbwembwe."
*Uongo mtupu.*

Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja kinachotenganisha kazi nzuri na mbovu, ningechagua taa. Bati la rangi ukilitazama uso kwa uso halikwambii kitu. Weka taa ndefu ya LED upande wa pili wa mbonyeo, au kadibodi nyeupe uliyochora mistari myeusi, kisha inama utazame kivuli cha mistari hiyo ndani ya rangi. Palipo sawa, mistari imenyooka. Penye shimo au mgongo, mistari inajipinda na nafasi kati yake haibaki sawa. Unabandika kishikizo mahali mistari inapokuonyesha kitovu cha shimo, wala si mahali jicho lilipodhani. Unavuta kidogo, unaangalia, mstari umenyooka upande mmoja na kuruka upande wa pili. Hapo unajua kuna mgongo wa kugonga upande wa pili. Unagonga mara mbili kwa kijiti, unaangalia tena. Gundi mpya, kishikizo kidogo zaidi, nusu sentimita kushoto. Mbonyeo wa ukubwa wa kiganja unaweza kuhitaji kubandikwa zaidi ya mara kumi. Video imekata yote hayo.

Ufundi wa kunyoosha bila kupaka rangi ulikuzwa na watu wa kutazama. Wenye fani humtaja Oskar Flaig wa Mercedes-Benz, ambaye mwaka 1960 kwenye maonyesho ya magari New York alikuwa akisukuma mibonyeo midogo kutoka ndani ili magari yasirudiwe rangi. Leo wenzake hulipwa vizuri Ujerumani na Marekani kila mvua ya mawe inapopiga. Kwetu pwani mawe hayo ni nadra. Tuna embe na nazi. Paa lililoangukiwa na nazi, kwa taarifa yako, linafikiwa kutoka ndani kwa kushusha kitambaa cha dari, na kwenye magari mengi ya karibuni kingo za dari hiyo zimebeba mifuko ya hewa. Hapo mwachie anayejua.

"Toboa, ingiza skrubu, vuta, ziba na puti."
*Uongo, hasa ukiishi pwani.*

Njia hii ya kale ya nyundo ya kuteleza bado inafanywa, na seti nyingine za bei ndogo zina skrubu zake. Kila tundu ni mlango wa maji. Puti ya poliesta inafyonza unyevu, na nyuma ya bati hakuna aliyepaka kitu. Tanga, Unguja, Mombasa, hewa ina chumvi. Uvimbe wa kutu utakujulisha tundu lilikuwa wapi, moja baada ya jingine.

Penye rangi iliyokwisha kuharibika, njia bora ni mashine ya kushikiza vipini vya chuma kwenye bati kwa umeme, ambavyo huvutwa kisha kukatwa. Za bei nafuu zipo na kwa kujifunzia zinafaa, kwa masharti. Zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, kwa hiyo waya mrefu mwembamba wa kuunganishia utazifanya zishike kwa unyonge. Ondoa rangi mpaka bati liwe tupu, toa waya wa betri, na ukumbuke kwamba joto limeunguza rangi ya upande wa ndani pia: nyunyiza nta ya kuzuia kutu huko ndani ukimaliza, kupitia matundu ya mlango. Puti inayokuja juu isizidi milimita 3, na dawa ya kugandisha ifuate kipimo cha kopo, kwa kawaida asilimia 2 ya uzito. Wanaoikoroga kwa macho ndio ambao rangi zao hupata madoa baada ya mwezi.

"Chombo ni chombo, hata nguzo ya mlango utaivuta."
*Usithubutu.*

Nguzo kati ya milango, miimo ya chini, na reli zinazobeba injini vimetengenezwa kwa chuma kigumu maalumu ili kimlinde aliye ndani. Vikijipinda, gari limeumia mwili mzima. Hapo hakuna seti ya boksi inayohusika, wala gesi ya kupashia.

"Ukinunua seti unaokoa hela."
*Kweli, kwa mtu fulani.*

Mara nyingi bei ya seti ya kawaida haipishani sana na kunyoosha na kupaka rangi mlango mmoja mtaani. Uliza bei zote mbili unapoishi. Ongeza gundi nzuri, spiriti na taa. Kama una mbonyeo mmoja tu, na gari lako unalihitaji Jumatatu likiwa zuri, mpe fundi. Kama gari lina rangi ya kiwandani na mibonyeo midogo ya maegesho pande zote, au nyumbani kuna magari mawili matatu ya ndugu, seti inarudisha hela yake mapema, tena unabaki na rangi ya kiwandani ambayo hakuna gereji itakayokurudishia.

Ningekuwa nanunua leo, ningechukua daraja moja la kawaida, nyundo ya kuteleza, kijiti cha kugongea, gundi bora ya hali ya joto, na kadibodi ningechora mwenyewe. Kisha ningepita kwa wauza skrepa nichukue mlango mbovu wenye rangi yake ya kiwandani, niubonyeze kwa goti, nianzie hapo.

"Ukishindwa, fundi atamalizia tu."
*Inategemea ni fundi gani.*

Fundi wa puti na rangi hatajali. Atapiga msasa, ataziba chunusi zako na mabonde yako pamoja, na bei itabaki ile ile. Yule anayenyoosha bila rangi atakasirika, na ana haki: kila chunusi uliyomwachia ni bati ulilolitanua, naye ataanza kwa kushusha ulichopandisha kabla hajagusa mbonyeo wenyewe. Kama unafikiria kumpelekea huyo, mpelekee kabla hujachomeka bunduki ya gundi.